UNATAKA KUFUGA NYOKA? SOMA HAPA KWANZA: MSOSI NA MAKAZI YA NYOKA KWA ANAYEANZA



Kuna kitu nimekiona kwa vijana wengi. Mtu anaingia kafe, analipia nusu saa, anaangalia video ya jamaa wa Marekani kajizungushia nyoka shingoni kama skafu huku anacheka. Akitoka hapo na yeye anataka nyoka wake. Juzi dogo mmoja wa mtaani kwetu kanifuata kaniuliza, "Kaka, hivi chatu anakula nini? Kuna jamaa anataka kuniuzia mtoto wa chatu, anasema bei poa." Nikamwambia dogo, swali lako halijibiwi tukiwa tumesimama. Jibu lake ndio hili hapa, nimeliandika lote ili na wengine wenye wazo kama lake wasome kabla hawajatoa hela.

Kwa kifupi ni hivi: nyoka hahitaji mapenzi yako. Anahitaji vitu viwili tu, chakula sahihi na nyumba sahihi, na anavihitaji kwa miaka mingi. Ukikosea kimoja anakufa kimya kimya, maana nyoka halii kama mbwa.

CHATU WETU WA KWENYE NDOO

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Nikiwa kidato cha pili, likizo ya Desemba, mimi na mshkaji wangu tulimkuta chatu mdogo chini ya jiwe nyuma ya nyumba, kule juu Mabatini. Si mnajua Mabatini nyumba na mawe vinagombea nafasi. Alikuwa na urefu kama wa mkono wangu. Tukamtia kwenye ndoo ya lita ishirini, mfuniko tukautoboa kwa msumari, tukajiona wataalamu.

Tukampa maziwa, hakunywa. Tukampa dagaa, hakula. Tukampa kipande cha nyama ya ng'ombe, akakaa nacho mpaka kikaoza. Mchana tulikuwa tunaweka ndoo juani eti apate joto, usiku tunaiacha kwenye sakafu ya saruji. Kila mtoto wa mtaa alikuja kumshika, na sisi tulikuwa tunaona sifa. Baada ya kama wiki sita tukamkuta kalala chali, kakauka.

Mtaani wakasema alikuwa nyoka wa kutumwa na kazi yake imekwisha. Tukakubali, maana ilikuwa rahisi kuliko kusema ukweli. Ukweli ni kwamba tulimuua sisi. Kila kosa tulilofanya lina somo lake huko chini, mtaliona.

KWANZA KABISA: SHERIA

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Nyoka wa porini ni mnyamapori, kama alivyo swala au simba. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 hairuhusu kumkamata wala kukaa naye bila leseni au kibali. Kusema "nimemkuta uani kwetu" haimfanyi awe mali yako.

Wahusika wa vibali ni TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, iliyo chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Mwenye nia ya kweli ya kufuga anaanzia huko, anauliza masharti, anajaza fomu. Kama utaratibu unakuchosha kabla hata nyoka hajafika, basi nyoka mwenyewe atakuchosha zaidi.

Chatu ana ulinzi mwingine juu ya huo. Yumo kwenye Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa kimataifa wa CITES unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini, na Tanzania imo kwenye mkataba huo tangu 1979. Mwaka 2016 serikali yetu ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi. Kwa hiyo jamaa anayekuletea mtoto wa chatu kwenye kiroba jioni jioni, bila karatasi yoyote, anakuuzia kesi. Na ukimpa hela, kesho anarudi mlimani kukamata mwingine.

MBONA WASUKUMA WANACHEZA NAO?

Najua kuna mdau ameshaanza kusema, "Acha hizo, mababu zetu wanacheza na nyoka toka enzi." Kweli kabisa, na ni jambo la kujivunia. Wasukuma wana chama cha watu wa nyoka kinachoitwa Bayeye, na wapo pia Bagoyangi. Hawa ni wakamataji wa nyoka, wacheza ngoma na wenye dawa za kuumwa na nyoka. Kila mwaka mwezi wa sita, karibu na sikukuu ya Ekaristi, kuna Bulabo pale Bujora, Kisesa, kilomita kama 20 kutoka mjini kwa barabara ya Musoma. Bagika na Bagalu wanashindana kwa ngoma, na chatu akiingizwa uwanjani watu wote wanasogea nyuma hatua tatu. Hapo hapo Bujora ndipo yalipo Makumbusho ya Wasukuma, kazi iliyoanzishwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Canada, miaka ya 1950. Kama hujawahi kufika, nauli ya daladala haikushindi.

Ila angalia kitu kimoja. Bayeye ni chama. Mtu anaingizwa, anafundishwa na waliomtangulia, anajua nyoka yupi ni yupi kabla hajanyoosha mkono. Sisi watazamaji tunaona zile dakika kumi za ngoma. Hatuoni siku nyingine zote ambazo nyoka amekaa gizani ametulia, na hatuoni elimu iliyo nyuma yake. Video za mtandaoni ni hivyo hivyo. Tunachukua sifa, tunaacha darasa.

NYOKA YUPI ANAFAA KWA ANAYEANZA?

Kwanza ondoa kichwani nyoka wote wenye sumu: swila, koboko, kifutu na ndugu zao. Hakuna mjadala hapo. Na usidanganyike na habari ya kung'oa meno. Nyoka ana meno ya akiba, likitoka moja linaota lingine, na kumng'oa ni ukatili unaomwachia vidonda mdomoni.

Waliobaki ni hawa.

1. Nyoka wa nyumbani wa kahawia. Huyu tunaye hapa kwetu. Hana sumu, mara nyingi hafikii mita moja, anatembea usiku na anaingia majumbani kufuata panya. Utamjua kwa mistari miwili myepesi kila upande wa kichwa. Wafugaji wa Ulaya na Afrika Kusini wanamhesabu kati ya nyoka wazuri wa kuanzia, maana ni mdogo, anakula vizuri na anaishi zaidi ya miaka kumi. Kibali bado kinahitajika.

2. Nyoka mla mayai. Hana sumu na meno yake ni kama hayapo. Watu wanamuua sana kwa sababu amejipaka rangi za nyoka wenye sumu. Anakula mayai ya ndege tu, hakuna kingine, na yai la kuku ni kubwa mno kwa wengi wao. Kumpatia mayai madogo mwaka mzima ni kazi. Hafai kwa anayeanza.

3. Chatu mdogo wa Afrika Magharibi, yule anayejikunja kama mpira akiogopa. Huyu ndiye wa kwenye zile video. Kwao ni kuanzia Senegal mpaka Uganda, Tanzania hayupo porini. Ana urefu wa kama mita moja na nusu na anaweza kuishi miaka 30 na zaidi. Mwaka 2020 kuna jike wa namna hii kwenye bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, alitaga mayai akiwa na umri unaokadiriwa kuzidi miaka 60. Ebu jiulize, utakuwa wapi miaka 30 ijayo?

4. Chatu wetu mkubwa wa Afrika. Huyu ndiye wa kwenye ndoo yetu na ndiye dogo anayetaka kuuziwa. Akitoka kwenye yai ana kama nusu mita, anapendeza kweli. Baada ya miaka michache anapita mita tatu, na wengine wanafika mita tano. Hafai chumba cha kupanga, hafai kwa anayeanza, hafai kwenye nyumba yenye watoto. Nitarudi kwake.

NYUMBA YA NYOKA

Nyoka hatengenezi joto mwilini kama sisi. Analichukua nje: akitaka joto anasogea penye joto, akizidiwa anasogea penye ubaridi. Hii ndiyo siri ya nyumba yake. Ndoo yetu ilikuwa na hali moja tu, juani yote inachemka, usiku yote inapoa, na nyoka hakuwa na pa kukimbilia.

Kwa nyoka wa nyumbani au chatu mdogo, nyumba inatakiwa iwe hivi:

Ukubwa. Sanduku la mbao au la kioo, urefu wake usipungue urefu wa nyoka mwenyewe, ili aweze kujinyoosha. Nyoka wa sentimita 90 anataka sanduku la sentimita 90 na upana kama nusu yake. Mtoto anaweza kuanzia kwenye dogo, kisha unamhamisha akikua.

Kufungwa. Nyoka ni bingwa wa kutoroka. Kichwa kikipita, mwili unafuata. Mwambie fundi seremala asiache mwanya kwenye mlango, matundu ya hewa aweke wavu wenye macho madogo, na kufuli iwepo. Jiwe juu ya mfuniko sio kufuli.

Joto. Upande mmoja uwe wa moto, mwingine wa ubaridi. Kwa nyoka wa nyumbani upande wa moto uwe nyuzi 28 mpaka 30, kwa yule chatu mdogo 31 mpaka 33, na upande wa pili uwe nyuzi 25 hivi. Mwanza mchana joto letu linasaidia, tatizo ni usiku, hasa vyumba vya mlimani vinavyopigwa na upepo wa ziwa. Balbu inasaidia ila lazima iwe nje ya wavu, maana nyoka atajizungushia mpaka aungue. Umeme ukikatika, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kitambaa inaokoa usiku mmoja. Nunua kipima joto, kukadiria kwa kiganja hakufai.

Jua. Usimweke juani ndani ya kioo, ndoo wala chupa. Dakika chache zinatosha kumchemsha. Hilo lilikuwa kosa letu kubwa.

Maficho. Mawili, moja upande wa moto na moja upande wa baridi. Sio lazima ununue, chungu kilichovunjika kinatosha kabisa. Maficho yawe ya kubana, nyoka anajisikia salama akigusa kuta. Asiye na pa kujificha anakaa na hofu, na nyoka mwenye hofu hali.

Sakafu. Karatasi au magazeti yanatosha, ni rahisi kubadilisha na uchafu unauona. Epuka maranda ya mbao zenye harufu kali, yanamsumbua kifua.

Maji. Bakuli zito lisilopinduka, maji safi kila siku. Hili ni la lazima hata kama hujamwona akinywa.

Usafi. Kinyesi kitoe siku hiyo hiyo. Mara moja kwa mwezi osha sanduku lote kwa maji yenye jiki kidogo, suuza mpaka harufu iishe, kausha, ndipo umrudishe.

MSOSI

Sasa lile swali la dogo. Nyoka karibu wote wanakula nyama, na wanakula mnyama mzima: manyoya, mifupa, utumbo. Kwenye mifupa ndiko wanakopata madini yao. Ndio maana kipande cha nyama ya buchani hakifai. Maziwa ni hadithi tu, tumbo la nyoka halikuumbwa kwa maziwa. Dagaa nao chatu hawajui. Wali, ugali na mkate ndio usiulize.

Nyoka wa nyumbani na chatu mdogo wanakula panya. Kanuni ni hizi:

Ukubwa. Panya awe na unene sawa na sehemu nene ya mwili wa nyoka, asizidi sana. Nyoka mchanga anaanza na vitoto vya panya visivyoota manyoya.

Muda. Mtoto wa nyoka mara moja kila siku 5 mpaka 7. Mkubwa kila siku 10 mpaka 14. Usimlishe kila siku kwa huruma, atanenepa mafuta mpaka ini liharibike.

Panya aliyekufa ni bora kuliko aliye hai. Watu wanapenda kuona nyoka akiwinda, ila panya aliyekosa pa kukimbia anang'ata, na ana meno. Nyoka wengi wametobolewa macho na mgongo namna hiyo. Wafugaji wazoefu wanatumia panya waliogandishwa kwenye friza. Unamyeyusha kwenye maji ya uvuguvugu ndani ya mfuko wa plastiki mpaka awe na joto la mwili, unampa kwa koleo ndefu. Usitumie vidole, nyoka hapambanui kidole na panya vikiwa vyote vina joto.

Panya wa mtaani ni hatari. Nyumba nyingi zinatega sumu ya panya. Panya akila sumu leo, kesho ukampa nyoka, umemlisha nyoka sumu. Ana minyoo na magonjwa pia. Mwenye nyoka anafuga na panya wake, kwenye ngome yao, na chakula chao. Yaani ukifuga nyoka mmoja umefuga na ukoo mzima wa panya. Kamwulize mama yako kwanza.

Baada ya kula mwache. Masaa 48 usimshike. Ukimshika anatapika. Akikosa joto pia anatapika, maana chakula kinaozea tumboni kabla hakijasagwa.

Akikataa kula usichanganyikiwe. Nyoka mwenye afya anaweza kukaa wiki kadhaa bila kula, hasa akiwa mgeni au anapojivua gamba. Angalia kwanza joto na maficho. Yule wetu alikataa kula kwa sababu tulimpa vitu asivyovijua na tulimshika mchana kutwa. Hata tungempa panya, nadhani asingekula.

KUJIVUA GAMBA NA AFYA

Nyoka anajivua gamba kila baada ya muda (sio ile ya wanasiasa ya 2011, huyu anajivua kweli). Dalili ni macho kuwa na ukungu wa bluu na ngozi kupauka. Siku hizo usimshike na usimlishe, haoni vizuri na ana hasira. Mwongezee unyevunyevu, mfano weka kitambaa kibichi ndani ya maficho. Gamba zuri linatoka zima kama soksi. Likitoka vipande vipande, hewa ni kavu mno. Usilivute kwa nguvu, hasa kwenye macho.

Dalili mbaya: anapumua mdomo wazi, mapovu puani, usaha mdomoni, vidudu vyeusi vidogo kwenye magamba au ndani ya maji, amekonda mpaka uti wa mgongo umejitokeza. Hapo ni daktari wa mifugo, sio dawa za kuambiwa na jirani.

Na afya yako pia. Nyoka anabeba bakteria wa salmonela bila yeye kuumwa. Kila ukimgusa nawa kwa sabuni. Usioshe bakuli lake kwenye karo la vyombo. Watoto chini ya miaka mitano wasimguse kabisa.

CHATU MKUBWA: MBILI ZILIZOTOKEA KWELI

Nilisema nitarudi kwa chatu wetu wa Afrika. Mwezi Agosti 2013, mji wa Campbellton nchini Canada, kulikuwa na chatu wa Afrika kwenye sanduku ndani ya nyumba ya kupanga juu ya duka la wanyama. Usiku akatoka kupitia tundu la hewa, akapita darini, dari ikabomoka akaangukia chumba walimolala watoto wawili ndugu, mmoja miaka 4 na mwingine miaka 6. Asubuhi wote wawili walikutwa wamekufa. Walikuwa wageni tu pale, wamekuja kulala kwa rafiki yao.

Mwaka 2017 Uingereza, kijana wa miaka 31 mwenye uzoefu mkubwa wa kufuga nyoka alikutwa amekufa chumbani kwake. Chatu wake wa Afrika, mwenye kama mita mbili na nusu, alikuwa nje ya sanduku. Mahakama ya uchunguzi wa vifo mwaka 2018 ilisema alikufa kwa kukosa hewa na chatu alihusika.

Huyo ni chatu wa aina hii hii ya kwetu, sio wa sinema. Na nyumba zetu za Igogo na Mabatini, chumba kimoja watu watano, dari la gunia, jirani mnaachana na ukuta wa tofali moja. Akitoka anakwenda kwa nani? Hilo ndilo swali nililomwuliza dogo, hakujibu.

Halafu piga hesabu ya chakula. Chatu mkubwa anataka mnyama wa saizi ya sungura, tuseme mmoja kwa mwezi. Kwa miaka 20 ni sungura 240. Nyumbani kwenu mnakula sungura wangapi kwa mwaka?

UKIUMWA NA NYOKA

Hata kama hutafugi, hili libaki kichwani. Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017, na linakadiria watu 81,000 mpaka 138,000 wanakufa kila mwaka duniani.

Ukiumwa: tulia, kaa au lala, usikimbie. Vua pete, saa na bangili kabla hujavimba. Kiungo kilichoumwa kifungwe kwenye ubao kisicheze, kama unavyofunga mtu aliyevunjika. Nenda hospitali haraka, kwa Mwanza tuna Bugando ambayo ni ya rufaa kanda nzima. Kumbuka rangi na umbo la nyoka ila usimkimbize kumkamata. Usichanje, usinyonye, usikaze kamba, na lile jiwe jeusi la nyoka haliondoi sumu. Swila akikutemea machoni, osha kwa maji mengi safi muda mrefu, kisha hospitali.

KAMA UNAPENDA NYOKA ILA HUNA UWEZO

Hakuna aibu. Mimi napenda nyoka mpaka leo na sina hata mmoja. Panda boti pale Capri Point uende Saanane, kisiwa kilichoanza 1964 kama bustani ya kwanza ya wanyama nchini na kikawa hifadhi ya taifa 2013. Kuna mamba, kenge, pimbi na chatu kwenye mawe yao wenyewe. Nenda Bulabo mwezi wa sita. Ukipita Arusha kuna bustani ya nyoka ya Meserani, ipo toka 1993, na ina zahanati inayotibu walioumwa na nyoka.

Na ukimkuta chatu kwenye mawe ya mtaani kwenu, rudi nyuma taratibu, ondoa watoto, toa taarifa kwa maliasili au serikali ya mtaa. Usimwage mafuta ya taa, usimpige mawe. Huyo anakula panya wanaotafuna unga wenu bila kukudai senti.

Dogo nilimsomea yote haya. Akakaa kimya, halafu akaniuliza yule wa kwenye ndoo tulimzika wapi. Nikamwonyesha, ni pale nyuma ya nyumba, chini ya jiwe lile lile tulipomtoa. Hajarudi kwa muuzaji mpaka leo naandika, na nimemwambia nauli ya Bujora mwezi wa sita nitamlipia mimi.

Naomba kuwasilisha, wadau. Mwenye uzoefu wa kweli wa kufuga kwa kibali atupie maoni yake hapo chini tujifunze wote. Wa matusi tunawajua, wapite tu.